Bibi Titi Mohamed: Koo lililoamsha wanawake wa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu

KILA siku maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hupita katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Wapo wanaowahi kazini, wapo wachuuzi wanaonadi bidhaa, na wapo wanaoita wateja tangu asubuhi hadi sauti zikakauka.

Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kwamba jina lililo kwenye kibao cha barabara hiyo ni la mwanamke aliyefanya kazi kubwa ya maisha yake kwa kutumia kiungo hicho hicho wanachokichosha wao kila siku, yaani koo.

Bibi Titi hakuwa msomi wa chuo, hakuwa na mali ya kurithi wala jeshi nyuma yake. Alichokuwa nacho ni sauti, na ujuzi wa kuitumia mbele ya watu. Sauti hiyo iliingiza maelfu ya wanawake katika harakati za Uhuru. Hata hivyo, sauti hiyo hiyo ilikataliwa na wapiga kura wa Rufiji mwaka 1965, na miaka minne baadaye ikanyamazishwa na dola.

Maisha yake yanafundisha mambo mawili kwa pamoja: jinsi koo la binadamu linavyofanya kazi, na mahali uwezo wake unapokomea.

Binti wa Dar es Salaam

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926, katika familia ya Kiislamu, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake hakupenda binti yake asome shule ya serikali. Baada ya baba kufariki dunia, mama yake alimpeleka shule, naye akasoma hadi darasa la nne.

Kama wasichana wengi wa rika lake, aliozwa mapema, akiwa na umri wa miaka kama 14. Ndoa hiyo haikudumu. Akiwa mwanamke kijana wa mjini, alijulikana zaidi kwa jambo jingine: alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Katika miaka ile vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa zaidi ya burudani. Vilikuwa na viongozi, michango, sare na utaratibu wa kusaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyeongoza nyimbo alijulikana mtaa mzima, na neno lake lilisikika.

Hiyo ndiyo shule ya pili ya Bibi Titi, na pengine ndiyo iliyomfaa zaidi. Ili kuielewa, inafaa kwanza tulitazame koo lenyewe.

Sanduku dogo lenye kazi tatu

Koo la mtu mzima ni njia yenye urefu wa sentimita zipatazo 13, inayoanzia nyuma ya pua na kushuka nyuma ya mdomo. Chakula na hewa hupita humo kwa pamoja, kisha hutengana: chakula huingia katika umio ulio nyuma, na hewa huelekea mbele, kwenye zoloto, ambalo ndilo sanduku la sauti.

Zoloto limejengwa kwa gegedu 9. Iliyo kubwa kupita zote ni ile inayojitokeza mbele ya shingo, hasa kwa wanaume, ambayo wengi huiita kikoromeo. Chini yake kuna gegedu yenye umbo la pete, nyembamba mbele na pana nyuma. Juu ya upande huo mpana zimekaa gegedu mbili ndogo zinazoweza kuzunguka na kusogea.

Nyuzi za sauti zimeshikizwa kwenye kikoromeo kwa mbele na kwenye gegedu hizo mbili kwa nyuma. Huitwa nyuzi, lakini si kama nyuzi za gitaa. Ni mikunjo miwili ya misuli na nyama laini iliyofunikwa na ngozi nyororo yenye unyevu. Kwa mwanamke mzima, kila mkunjo una urefu wa sentimita 1.25 hadi 1.75 tu. Kwa mwanamume ni sentimita 1.75 hadi 2.5.

Kazi ya kwanza ya zoloto si kuongea wala kuimba, bali ni kulinda uhai. Tunapomeza, zoloto hupanda juu, kidakatonge hulala kama kifuniko, na nyuzi za sauti hujifunga ili tonge lisiingie mapafuni. Kikohozi cha mtu aliyepaliwa ni dalili kwamba mlinzi huyo anafanya kazi yake.

Kazi ya pili ni kupitisha hewa. Tukivuta pumzi, nyuzi hufunguka na kuacha nafasi yenye umbo la pembetatu.

Kazi ya tatu ndiyo sauti. Nyuzi hukaribiana, hewa kutoka mapafuni huzisukuma zikaachana, kisha wepesi wake na mwendo wa hewa yenyewe huzirudisha. Tendo hilo hujirudia kwa kasi kubwa. Mwanamke anapozungumza kwa kawaida, nyuzi zake hukutana na kuachana takriban mara 200 kwa sekunde. Kwa mwanamume ni kama mara 110. Nyuzi zikivutwa na kukazwa sauti hupanda, na zikilegezwa hushuka.

Mlio unaotoka hapo peke yake ni mnyonge, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Koo, kinywa na pua ndivyo huukuza na kuupa sura. Irabu zetu tano hutofautiana kwa sababu ulimi, taya na midomo hubadilisha umbo la chumba ambamo mlio huo hupita.

Mwimbishaji mzuri huyajua haya yote bila kuyasoma. Hajui majina ya gegedu, lakini anajua kwamba nguvu ya sauti hutoka tumboni na kifuani, kwenye pumzi, na kwamba anayelazimisha kwa shingo ataimba usiku mmoja tu kisha apigwe na ukavu wa koo.

Ngoma pia ina busara yake. Mwimbishaji hutoa mstari, kundi linaitikia. Wakati kundi linaitikia, mwimbishaji anavuta pumzi na nyuzi zake zinapumzika. Kwa mtindo huo mtu mmoja anaweza kuongoza mamia usiku kucha bila kuharibu koo lake.

Julai 1955

Mwaka 1855, mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania aliyekuwa akiishi London, Manuel García, aliwasilisha mbele ya wanasayansi wa Uingereza maelezo ya kile alichokiona kwa kutumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua. Alikuwa ametazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga alipokuwa akiimba. Uchunguzi huo ndio uliofungua mlango wa tiba ya kisasa ya magonjwa ya koo.

Miaka 100 kamili baadaye, mjini Dar es Salaam, koo la mwimbaji mwingine lilianza kazi ya aina nyingine.

Chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa Julai 7, 1954, na Bibi Titi alijiunga nacho mwaka huo huo pamoja na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani. Mwaka 1955 mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliitembelea Tanganyika na kuuliza kuhusu wanawake wa chama hicho. Tawi la wanawake halikuwapo. Viongozi walipotafuta mtu wa kuliongoza, chaguo lilimwangukia Bibi Titi. Tawi likaanza Julai 1955.

Hakuanza kwa kuandika barua wala kubandika matangazo, kwani wanawake wengi aliowalenga hawakujua kusoma. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake aliowafahamu na ambao walimfahamu. Kiongozi wa ngoma akikubali, kundi zima lilimfuata.

Matokeo yaliwashangaza hata wanaume wa chama. Katika muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za TANU. Wengi wao walikuwa wauza maandazi, samaki na pombe, wanawake waliokuwa wakijitafutia riziki, wengine walioachika na ambao hawakuwa na cha kupoteza kwa kusimama hadharani.

Bibi Titi akawa mzungumzaji wa mikutano ya hadhara, jambo lililokuwa geni kwa mwanamke wa Kiislamu wa wakati ule. Alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Julius Nyerere na viongozi wengine, akawa miongoni mwa majina yaliyojulikana zaidi katika chama.

Waliolisikia jina hilo walimhusisha na sauti yake. Lakini sauti kubwa peke yake haikutosha, kwani walikuwapo wengi wenye sauti kubwa. Yeye alileta jukwaani utaratibu wa ngoma: kutoa neno, kusubiri, kuitikiwa. Mkutano uliacha kuwa wa mtu mmoja akiwahutubia wengi, ukawa wimbo wa wote.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata uliundwa Umoja wa Wanawake, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Aliingia bungeni na kuteuliwa Waziri Mdogo wa Maendeleo ya Jamii.

Rufiji yasema hapana

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa wabunge chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi TANU iliteua wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakachagua. Bibi Titi aligombea Rufiji.

Eneo hilo, ambalo leo limegawanywa katika wilaya za Rufiji na Kibiti, si rahisi kwa mwanasiasa yeyote. Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hujigawa katika mikono mingi, na katikati yake kuna delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki.

Vijiji vya delta, kama Mbwera, Salale na Kiomboni, vimetawanyika kati ya mikoko, mashamba ya mpunga na maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Hadi leo safari ya kwenda huko hutegemea boti na mitumbwi, na msafiri hupanga mwendo wake kwa kufuata maji. Wakati ule hata Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, halikuwapo, na wasafiri wa kusini walivuka mto kwa kivuko.

Katika mazingira ya namna hiyo sauti ya mtu haifiki mbali. Neno hupelekwa na mdomo mmoja hadi mwingine, na kila anayelipokea huongeza au hupunguza.

Isitoshe, kanuni za uchaguzi ule ziliwataka wagombea wote wawili wapande jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na kuzungumza kwa Kiswahili, bila kugusia kabila wala dini. Jina kubwa la kitaifa lilisimama sawasawa na jina la mpinzani wake.

Wananchi walisikiliza, wakaenda vituoni, na wakamnyima kura. Hakuwa peke yake. Mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa waliangushwa katika uchaguzi huo, kwa kuwa wapiga kura katika sehemu nyingi za nchi walitumia nafasi hiyo kuwapima waliokuwa madarakani.

Ilikuwa pigo kubwa kwake. Mwanamke aliyewafundisha maelfu kuitikia alikutana na watu waliochagua kunyamaza, kisha wakajibu kwa karatasi ya kura. Huenda hilo ndilo tunda halisi la kazi yake ya miaka 10 nyuma, kwamba raia wa kawaida, hata wa kijiji cha ndani kabisa ya mikoko, alikuwa amepata haki ya kumjibu kiongozi apendavyo.

Kesi na kifungo

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Bibi Titi, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana na sharti hilo na akaachia nyadhifa zake katika chama.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na waziri wa zamani, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi, kwa tuhuma za kupanga njama za kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hizo, Oscar Kambona, alikuwa uhamishoni London.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges mwaka 1970, ikiwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu Uhuru. Ilichukua siku 127. Bibi Titi alikana mashtaka, lakini mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya koo na sauti. Koo lake lilikuwa zima. Nyuzi zake mbili ziliweza kukutana mara 200 kwa sekunde kama zamani. Lakini hapakuwa na jukwaa, hapakuwa na kundi la kuitikia, na magazeti yaliyowahi kuandika habari za mikutano yake yaliandika habari za hatia yake. Mumewe akamwacha. Marafiki wengi wakajitenga.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Alirudi Dar es Salaam na kuishi maisha ya ukimya kwa karibu miaka 20, katika mji uliojaa watu waliokuwa wamemwitikia.

Mwaka 1991, Tanzania Bara ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja tena, safari hii kama shujaa wa harakati za Uhuru. Alifariki dunia Novemba 5, 2000, hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74.

Wanaotegemea koo

Kuna Watanzania wengi ambao riziki yao iko kooni: walimu wenye madarasa yaliyofurika, waadhini, wahubiri, makondakta, wachuuzi, watangazaji na waimbaji. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba kupaza sauti kwa muda mrefu bila kupumzika husababisha vinundu kwenye nyuzi za sauti, mfano wa sugu ya kiganjani. Nyuzi hushindwa kukutana vizuri na sauti hukwaruza.

Dawa ya kwanza ni kupumzisha sauti, kunywa maji ya kutosha, na kuepuka moshi wa sigara na wa kuni. Kunong'ona kwa nguvu si mapumziko, kwani nako huzichosha nyuzi. Aidha, anayefundisha au kuhubiri anaweza kuiga busara ya ngoma kwa kuwapa wasikilizaji nafasi ya kuitikia, naye avute pumzi.

Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inahitaji kuchunguzwa na daktari. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya zoloto, hasa kwa wavutaji wa sigara. Inaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa ulio mbali na koo, kwa sababu neva inayoendesha uzi wa kushoto wa sauti hushuka kwanza hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena shingoni. Uvimbe kifuani unaweza kumnyang'anya mtu sauti.

Lipo pia suala la kimeo, ambalo watu wa Pwani wanalifahamu vyema. Wazazi wengi, mtoto akikohoa muda mrefu, humpeleka kwa mkata kimeo. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza na tunapotamka. Kukikata hakuponyi kifua kikuu, pumu wala nimonia, bali humweka mtoto katika hatari ya kuvuja damu, kupata pepopunda na maambukizi mengine, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Mtoto anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupelekwa hospitali.

Koo ni kiungo kidogo na linaweza kuharibika kwa uzembe wa siku chache. Bibi Titi alilitunza lake kwa namna alivyofundishwa na wanawake wa ngoma, likamfikisha jukwaa moja na waliojenga taifa. Hakunyimwa sauti na maradhi. Alinyimwa waitikiaji, kwanza kwa kura halali za watu wa Rufiji, kisha kwa kuta za gereza na hofu ya waliomfahamu.

Kura ya Rufiji ilikuwa haki ya wapiga kura, na haina wa kulaumiwa. Ukimya wa miaka karibu 20 uliofuata kifungo chake ni jambo jingine, nao haukuwa wa dola peke yake. Sehemu yake ilikuwa ya waliokuwa wakimwitikia Mnazi Mmoja, hatua chache tu kutoka mahali ambapo leo kibao cha barabara kinalitaja jina lake kwa kila apitaye.